Gololi ya Lyle

Jumapili baada ya chakula cha mchana, Wendell Pruitt alikuwa anakwangua jibini lililogandia kwenye trei ya tambi, na Lyle Sorensen alikuwa anafuta sahani. Lyle alikufa vuli ya mwaka 1979. Alikuwa mfutaji mzuri wa sahani.

"Sogea kidogo, bwana," alisema Wendell. "Unanuka wiski mpaka sabuni inalewa."

"Si yangu. Walinimiminia."

"Najua. Sogea hivyohivyo."

Wote wawili walikuwa wari wa Mwenge, chama cha udugu cha wanafunzi kwenye chuo kimoja cha Ohio. Mwari alikuwa kijana anayesubiri kuvushwa awe ndugu. Alipiga deki, alifua soksi za wakubwa, alikariri alfabeti ya Kigiriki huku ameshika njiti ya kiberiti inayowaka, na hakulala mpaka kungwi wake amruhusu. Kungwi wa Lyle alimshindilia chupa mdomoni, akamsimamisha kwenye ngazi, kisha akaenda kulala yeye. Lyle akafa akisubiri ruhusa. Makungwi waliofuata walisema huyo si mwari wao.

"Wewe umelala lini?" Lyle aliuliza.

"Juzi. Kidogo. Chooni."

"Una bahati." Lyle aliinua sahani kwenye mwanga, akaitazama. "Leo ukipita, utanitilia nyeupe?"

"Nitakutilia."

"Kila mtu husema hivyo."

"Mimi si kila mtu, Lyle."

"Hilo nalo husema."

Kanuni ya Mwenge ilitaka mwari apigiwe kura kila vuli mpaka apite. Kila ndugu alitumbukiza gololi moja kwenye sanduku la mbao, nyeupe au nyeusi. Nyeusi moja ilitosha kumkataa mtu. Lyle alikuwa amekataliwa kila mwaka, na kila mwaka ndugu walimpigapiga bega wakamwambia pole, sijui ni mshenzi gani huyo.

Shida ilikuwa ukuta wa sebuleni. Ndugu akifa, jina lake lilichongwa pale pamoja na namna alivyokufa, naye akapumzika. Lakini mama yake Lyle, ambaye bado yu hai kule Minnesota, aliambiwa kwamba mwanawe alianguka darajani peke yake na kwamba pale Mwenge hakuna aliyemjua. Lyle akipita, ingebidi ukweli uchongwe.

Kabla ya kura alifika Bwana Haldane, wakili mwenye ofisi kubwa Cleveland. Ndiye aliyekuwa kungwi wa Lyle. Lyle alimpokea koti.

"Hujambo, Lyle?"

"Sijambo, bwana. Nimechoka tu."

"Nani hajachoka siku hizi," alisema Bwana Haldane, akapita zake jikoni.

Alimkuta Wendell anakausha mikono. Alimtazama macho yake mekundu kwa huruma ya kweli.

"Kwenu wapi, mwanangu?"

"Lancaster, bwana. Baba alikuwa kwenye kiwanda cha vioo. Wamemwachisha kazi."

"Pole yake. Kiangazi nitahitaji kijana ofisini. Siweki tangazo. Nawapigia simu Mwenge, nauliza nani yupo. Ndivyo tunavyobebana." Alichukua biskuti mezani. "Leo utapiga kura yako ya kwanza. Sikwambii utie ipi, hiyo ni siri yako. Ila jina likipanda ukutani, kuna mahakama itataka kuja kulisoma. Nyumba itafungwa. Na mimi sitakuwa na ofisi ya kumpeleka mtu."

"Nimeelewa, bwana."

"Kijana mzuri wewe."

Wendell alipigiwa kura, akapita. Brock Van Alen, mwenyekiti wa nyumba, alimbandika beji kifuani na kumkumbatia. "Karibu nyumbani, ndugu! Sasa hata ukinuka miguu, unanuka kama mmoja wetu." Walicheka wote. Wakampa gololi mbili, moja kila mkono, akajipanga foleni nyuma ya wenzake.

Lyle alisimama mlangoni, amechana nywele. Wendell alipofika kwenye sanduku aliufikiria uso wa baba yake, kisha kitanda. Akatumbukiza gololi kutoka mkono wa kushoto.

Kwa kawaida Brock alichungulia tu sandukuni, akatangaza kwamba nyeusi ipo. Siku hiyo bawaba ilikuwa imelegea. Alipoliinua sanduku, kifuniko kikafunguka na gololi zikamwagika, zikabingirika chini ya makochi na hadi miguuni pa Lyle. Zote zilikuwa nyeusi. Kila mmoja alikuwa ameamini kwamba ni yeye peke yake aliyeiokoa nyumba.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Wendell alizitazama gololi sakafuni. Angeweza kutia nyeupe. Isingebadilisha kitu, na ingekuwa yake.

"Ipo nyeusi," alitangaza Brock. "Pole, Lyle. Sijui ni mshenzi gani huyo."

"Si kitu, bwana," alisema Lyle, akapiga magoti, akaanza kuokota.

Wendell alipanda ghorofani kwenye chumba chake kipya, jua bado linawaka dirishani. Alijitupa kitandani na nguo zake. Baada ya muda Lyle aliingia bila kelele, kwa sababu mwari humhudumia ndugu mpya siku ya kwanza, akaanza kumfungua kamba za viatu.

"Lyle," alisema Wendell, amefumba macho. "Ile gololi..."

"Inua mguu, bwana."

Ilikuwa mara ya kwanza Lyle kumwita bwana kama alivyowaita wakubwa. Wendell aliinua mguu. Usingizi ulikuwa umeshamfika shingoni, mzito, mtamu, wa halali. Lyle alimfunika blanketi, akavuta pazia, akasimama kando ya mlango, wima, macho wazi, akasubiri kuruhusiwa.