Kidonge cha Jumatano

Mshonaji huyo wenzake walizoea kumwita Sindano tangu alipokuwa anajifunza cherehani, kwa wembamba wake na kwa ulimi wake. Karakana alikofanya kazi ilishona sare za shule: vyerehani kumi na viwili kando ya ukuta, na katikati meza moja ndefu ya kukatia vitambaa. Mara mbili tajiri wake, mama mwenye karakana, alitaka kumkabidhi meza hiyo. Mara ya kwanza akashika mimba iliyomlaza kitandani. Mara ya pili, mimba tena. Sasa watoto walikuwa watatu, wa mwisho ameshaacha ziwa, na tajiri alikuwa amemwambia, "Muhula ujao meza ni yako. Safari hii usiniangushe."

Sindano akaongea na mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache. Mume akasema, "Hawa tulio nao wanatutosha kwa sasa." Wakaenda kliniki pamoja. Muuguzi alimpima presha, akamuuliza kama anavuta sigara na kama anaumwa kichwa mara kwa mara, kisha akasema, "Haya, unataka sindano au vidonge?"

"Sindano ni mimi mwenyewe," akajibu. "Nipe vidonge."

Muuguzi alicheka hadi akavua miwani.

Basi ikawa kila asubuhi, akishapiga mswaki, anameza kimoja. Pakiti ilikuwa na vidonge ishirini na vinane, kila kimoja kwenye tundu lake, siku zimeandikwa juu.

Aliyekuwa na neno ni mama mkwe. Alikaa nao, akilea wajukuu Sindano akiwa kazini, na alimpenda mkwewe kama mtoto wa kumzaa. Lakini alikuwa amesikia kwamba vidonge vile haviyeyuki, vinarundikana tumboni kama kokoto. Hakusema. Alikaa nalo moyoni, likawa linamtafuna kimyakimya.

Jumatano moja mtoto wa kati aliamka anatapika. Sindano akafua shuka, akamwogesha, akajiandaa mbiombio. Alipoichukua pakiti, tundu la Jumatano hiyo lilikuwa tupu. "Kumbe nimeshameza," akajisemea, akatoka mbio.

Aliporudi jioni, alimkuta mama mkwe ameketi jikoni, mbele yake kikombe kilichofunikwa kwa kisahani.

"Mwanangu, usinikasirikie," alisema. "Nimekuibia kidonge."

Akafunua. Ndani mlikuwa na maji ya vuguvugu yaliyogeuka meupe, na chini vumbi kidogo.

"Nilitaka kuona kwa macho yangu kama kinayeyuka. Kimevimba, kikamomonyoka, kabla hata maharage hayajachemka. Nimekitazama mchana kutwa nikingoja kirudi kuwa jiwe."

Sindano alitaka kucheka, kisha akalikumbuka tundu tupu la asubuhi. Kumbe siku hiyo hakumeza kitu! Aliiona meza ya kukatia ikimponyoka kwa mara ya tatu.

Asubuhi yake waliongozana kliniki. Mama mkwe alibeba kikombe chake, kisahani juu, asimwage hata tone.

"Shikamoo, mama," muuguzi akamwamkia, akachungulia kikombe, akasikiliza habari yote. Kwanza alimgeukia Sindano. "Kidonge kimoja hakijaharibu kitu. Meza cha jana sasa hivi, na cha leo umeze pia. Viwili kwa siku moja havina neno. Nitakupa pakiti nyingine ufidie. Ungekosa viwili au zaidi, ningekwambia mtumie kondomu siku saba huku ukiendelea kumeza."

Sindano akashusha pumzi, akameza palepale.

"Sasa niambie," mama mkwe akasema. "Kikishayeyuka kinakwenda wapi?"

"Kwenye damu, mama. Kina vichocheo vinavyofanana na vile ambavyo mwili wa mwanamke hutengeneza wenyewe. Kila mwezi ubongo huamrisha yai moja lipevuke litoke. Dawa hii ikiwemo kwenye damu kila siku, ubongo hautoi amri hiyo. Yai halitoki. Mbegu za mwanamume zikija, hazina wa kukutana naye."

"Na zikija kwa fujo?"

"Mlango wa kizazi una ute. Dawa inaufanya mzito kama uji uliopoa. Zitakwama hapo. Tena ukuta wa ndani ya kizazi unakuwa mwembamba, mimba haipati pa kujishikiza vizuri. Ila magonjwa ya zinaa vidonge havizuii, hilo nawaambia wote. Na akiumwa sana kichwa au kifua, au mguu ukivimba, aje mbio."

"Akitaka mtoto mwingine?"

"Anaacha kumeza. Wengine hushika mwezi uleule, wengine baada ya miezi kadhaa."

"Mimi nimebeba mimba tisa," mama mkwe akasema. "Watoto walio hai ni sita. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama niko tayari, na mimi mwenyewe sikujua kwamba mtu anaweza kuulizwa."

Sindano akamshika mkono, wakakaa hivyo mpaka mgonjwa mwingine akabisha hodi.

Tangu hapo ole wake jirani aliyetaja kokoto tumboni mbele ya mama mkwe. "Umeziona wewe?" angemuuliza. "Haya kaa chini nikueleze," na kabla chai haijapoa jirani ameshafika kwenye ute na uji uliopoa. Muuguzi aliposikia, akamwomba awe anakuja siku za kliniki kuongea na wanawake kwenye mabenchi. Alianza kwa aibu, akiongea na viatu vyake. Wiki ya tatu ilibidi aombwe apumzike, wengine nao wahudumiwe.

Muhula ulifunguliwa. Tajiri alimkabidhi Sindano mkasi mkubwa na marobota manne ya kitambaa cha bluu. Akatandaza tabaka la kwanza, akalinyoosha kwa viganja, akachora kwa chaki mstari mmoja mrefu kutoka ncha hadi ncha. Wenzake walikuwa wameacha vyerehani wamtazame.

"Mnangoja nini?" akawauliza. "Nikimaliza hapa nataka kila mtu awe na kazi mkononi."

Akakata.