Jumamosi za Bi Rula

"Basi nitajie jina lake tu," binti alisema. "Sikwambii umlete nyumbani. Jina tu."

"Jina la nani?"

"La huyo mwanamume."

Mama yake alikuwa amesimama mbele ya kioo cha wateja, pini nne zimebanwa mdomoni, anarekebisha bega la gauni alilovaa. Alijibu kwa pembe ya mdomo, ustadi ambao mafundi cherehani huupata kabla hata ya kujua kukata kola.

"Mwenye pini mdomoni haulizwi maswali."

"Zitoe, mama."

"Nikizitoa nitakutukana."

Walikuwa wakivutana tangu chai ya asubuhi. Binti alikuwa amekaa juu ya meza ya kukatia, jambo lililokatazwa humo tangu hajaota meno, na alikuwa akihesabu kwa vidole.

"Jumamosi ya kwanza, bustani ya maua. Ya pili, maonyesho ya picha. Wewe, mama, ambaye picha ulizowahi kuzitazama ni za kalenda. Ya tatu, vitabu vya mitumba. Wiki iliyopita umekunywa kahawa ghorofani, peke yako, eti unatazama mji. Na kila Jumamosi gauni jipya. Mwanamke hajishonei magauni manne kwa ajili ya maua."

"Na wewe umehitimu chuo cha ushonaji au cha upelelezi?"

"Nimekukuta unajipaka mafuta ya kunukia visigino. Visigino, mama."

Kwa miaka ishirini fundi huyu alikuwa na vazi moja: sketi ya buluu iliyonyooka, blauzi nyeupe iliyochomekwa, mkanda mweusi. Wateja wakamwita Bi Rula, kwa jinsi alivyonyooka yeye na kwa jinsi maneno yake yalivyonyooka. Mtu akitaka nguo ya kumbana aonekane mwembamba, aliambiwa hapo hapo kwamba kitambaa si tumbo, hakivutwi ndani. Sasa ghafla akawa mtu wa magauni mapana, marinda mgongoni, mikono kama mbawa, mtandio umeangushwa begani. Mtaa mzima ulikuwa unamsifu. Wateja sita walikuwa wameagiza mshono ule ule. "Umerudi usichana," walimwambia, naye alicheka nao, huku akivuta mtandio ufunike zaidi.

Maana yeye alijua magauni yale yalikuwa yanaficha nini.

Ilianza na mkanda. Siku moja ulimpwaya hata kwenye tundu la mwisho, akatoboa jingine kwa ncha ya mkasi. Baada ya siku kumi akatoboa la pili. Chakula kilikuwa kinamkinai baada ya tonge tatu. Alikwenda zahanati ya jirani, daktari akamlaza, akambonyeza upande wa kulia chini ya mbavu, akambonyeza tena pale pale, kisha akaacha kupiga soga. Daktari anayenyamaza ni mbaya kuliko anayekemea. Aliandika barua kwa kalamu nyekundu, akaitia kwenye bahasha: hospitali kubwa, kliniki ya Jumamosi, ufike kabla ya saa tano, usichelewe.

Hakuchelewa. Jumamosi ya kwanza alishona gauni pana la kijani ili asionekane mgonjwa, akajipamba, akafika getini saa tatu na nusu. Mlinzi akamuuliza, "Unaingia, mama?" Bi Rula akafungua mdomo aseme ndiyo, ikatoka, "Napita tu." Miguu ikampitisha kweli, ikampeleka moja kwa moja mpaka bustani ya maua iliyo mwisho wa barabara, akakaa kwenye benchi. Wapita njia waliona mama nadhifu anayejua kuitumia Jumamosi yake. Yeye hakuona hata ua moja.

Ndivyo alivyoyajua maonyesho ya picha. Ndivyo alivyovijua vitabu vya mitumba, akanunua viwili bila kusoma vina nini. Jumamosi ya nne alipanda mgahawa wa ghorofani, akachagua meza ya dirishani kwa sababu geti la hospitali lilionekana kutoka pale. Akalitazama mpaka saa tano, saa ya kufungwa dirisha la kuandikisha, akashusha pumzi kama mwanafunzi aliyesikia mwalimu hakuja. Kisha akajishika akishusha pumzi hiyo, na hapo ndipo alipoogopa kweli.

Kitu alichokiogopa alikwisha kukiona. Mama yake mzazi alikwenda hivyo hivyo. Bi Rula ndiye aliyekuwa akimpunguzia magauni: inchi moja, inchi moja tena, huku mgonjwa akitania kwamba anarudia umbo la usichana. Alimpunguzia mara nne. Mara ya tano hakukuwa na haja.

"Nimeamua," binti akasema, akashuka mezani. "Leo twende wote. Kama ni maua, nami nitayanusa. Kama ni yeye, nitamwamkia kwa adabu."

"Una kazi. Suruali za watu zinangoja upindo."

"Zimengoja wiki nzima, zitangoja na saa mbili." Akasogea nyuma ya mama yake. "Simama nikufunge zipu. Hilo rinda la kati limekaa upande."

"Liache."

"Limekaa upande, mama. Wewe ungenikata kidole kwa rinda kama hili."

Zipu ilipanda bila kusita popote. Vidole vya binti vikashika rinda la kati kulirudisha mahali pake, kisha vikaacha kufanya kazi ya rinda. Vikaanza kufinya. Kidole gumba na cha shahada vilikusanya kitambaa kilichozidi, vikakipima, vikasogea chini, vikakipima tena. Bi Rula alivifundisha vidole hivyo mwenyewe. Alijua vinahesabu.

Binti alikwenda kwenye rafu akachukua daftari la vipimo. Kila mteja wa chumba kile alikuwa na ukurasa wake, na ukurasa wa kwanza, tangu siku duka lilipofunguliwa, ulikuwa wa fundi mwenyewe.

"Hilo si lako," mama akasema.

"Kiuno thelathini na sita," binti akasoma. "Thelathini na tano. Thelathini na nne. Thelathini na tatu na nusu." Sauti ilikuwa inashuka pamoja na namba. "Thelathini na mbili. Mama, hii ni miezi miwili."

"Tepu imelegea."

"Nini?"

"Tepu ile kuukuu. Imevutika, inasoma pungufu. Nimekuwa nataka kuibadilisha."

Alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa kuwa alikuwa amelisema kichwani kila usiku kabla ya kulala. Tepu ikizeeka huvutika, fundi yeyote atakwambia. Kuijaribu ni kazi ya nukta mbili: unailaza juu ya rula ya chuma, ukaona. Rula ile ilining'inia msumarini, mkono mmoja kutoka kwenye kiti chake. Bi Rula, ambaye hakuwahi kumwamini mteja kwa neno tupu, alikuwa amekaa karibu na rula hiyo wiki saba bila kuigusa.

Binti akaitoa msumarini.

"Acha," mama akasema. Pini zikamdondoka mdomoni, zote nne. "Acha, mwanangu."

Binti alimtazama. Hakuwahi kuisikia sauti ile ikiomba. Lakini alikuwa mtoto wa mama yake. Akalaza rula mezani, akalaza tepu juu yake, akainyoosha kwa kiganja. Kumi juu ya kumi. Ishirini juu ya ishirini. Thelathini na sita ikakaa juu ya thelathini na sita, mstari juu ya mstari.

Tepu ilikuwa nzima.

Pasi ilikuwa inapiga mvuke pembeni, binti akaichomoa.

Bi Rula akafungua kopo la vifungo, akazamisha vidole hadi chini, akatoa bahasha. Binti akaisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye tarehe akairudia.

"Wiki tano," akasema. "Wiki tano iko chini ya vifungo."

"Najua kuhesabu."

"Na hizo Jumamosi zote?"

"Nilifika getini. Kila Jumamosi nilifika. Sikuweza kuingia."

Binti akakaa juu ya meza tena, taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae. "Kumbe hakuna mwanamume."

"Yupo. Ana kalamu nyekundu na mwandiko mbaya."

Binti alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, akajifuta uso kwa kipande cha bitana. Kisha akauliza swali ambalo mama yake alikuwa amelikimbia mji mzima. "Ni ugonjwa ule wa bibi?"

"Sijui."

Alipolisema alitambua kwamba lilikuwa kweli. Hakujua. Alikuwa amejishonea jibu mwenyewe na kulivaa wiki tano, bila mtu yeyote kumpima. Fundi anayekata kitambaa kabla ya kupima hufukuzwa kazi. Yeye mwenyewe alikwisha kuwafukuza wawili.

Akatazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika kumi.

"Nipe mkanda," akasema.

"Mkanda upi?"

"Mweusi. Uko nyuma ya mlango."

Akauzungusha juu ya gauni, akaukaza mpaka tundu la mwisho alilolitoboa. Marinda yote yakakusanyika kiunoni, na kwenye kioo akaonekana mwanamke aliyepungua inchi nne, waziwazi. Alitazama mpaka mwisho. Kitu cha ajabu, gauni lilikaa vizuri zaidi hivyo.

"Wenye suruali wakija?" binti akauliza, tayari anageuza kibao cha mlangoni.

"Wataambiwa zitapindwa Jumatatu. Tembea."

Walitembea. Dakika ishirini, barabara ile ile, maduka yale yale ya vioo ambavyo wiki nne alijitazama humo akijidai mtu wa matembezi. Karibu na geti akamshika binti mkono juu ya kiwiko, akabana kwa nguvu, na binti hakulalamika.

Mlinzi aliwaona kwa mbali akainuka. "Mama wa Jumamosi. Shikamoo. Leo umependeza kupita zote. Unapita tu leo?"

"Marahaba," akasema Bi Rula. Harufu ya dawa ilikuwa inatoka mlangoni, harufu ile ile ya miaka ile. "Leo naingia."

Akaingia. Akapita mistari ya mabenchi hadi dirishani, akasukuma bahasha chini ya kioo kabla mkono haujabadili nia.

"Jina?" karani akauliza bila kuinua kichwa.

Bi Rula akalitaja lote, lake, la baba yake na la babu yake, kwa sauti ile ile ambayo siku zote alimsomea nayo binti vipimo aviandike.