Kopo la Limi

"Baba, kinaungua!"

Limi alisema kwa ile sauti yake ya juu, sauti ya mtu asiyejisikia anaposema. Ansgar akanyofoa waya kabla hajaona kitu. Ndipo naye akauona moshi, mwembamba kama uzi, ukitoka kwenye kopo la biskuti. Aligusa betri. Zilikuwa za moto kama viazi vilivyochimbuliwa jivuni.

Haikuwa mara ya kwanza.

Ansgar alikuwa fundi redio pale Ushirombo, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara, kimegusana na nyumba. Kopo lile halikuwa la mteja. Limi, bintiye wa pekee, aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa darasa la nne. Alipona, lakini masikio hayakupona naye. Radi aliisikia. Mchi ukitua kinuni aliusikia kwa mbali, kama mtu aliyezama majini. Alipofika darasa la sita mwalimu alimrudisha nyumbani, kwa upole, akisema mtoto anateseka bure. Kwa hiyo Ansgar alikuwa anamtengenezea sikio.

Alichukua maikrofoni ya redio kaseti iliyokufa. Bodi ndogo, kibao chenye vipuri vya redio mpya, ingepokea sauti. Bodi kubwa, iliyotoka kwenye redio kuukuu ya misheni, ingeikuza na kuipeleka kwenye kidude cha kuvaa sikioni. Kila moja ukiipa betri peke yake ilifanya kazi vizuri. Zikifungwa pamoja ndani ya kopo, ziliungua.

"Kaka yako anakuja kesho," alisema mkewe, Epifania, akiwa mlangoni. "Nawe bado unahangaika na makopo."

Aligeuza uso alipokuwa akisema, ili Limi asimsome midomo. Walikuwa wamezoea kuongea hivyo, mbele ya mtoto, kana kwamba hayupo.

"Najua, Mama Limi."

"Ulimkubalia bila kuniuliza."

"Najua."

Tarsisi, kaka yake mkubwa, alikuwa na mashimo ya dhahabu Rwamgasa, na alitaka msichana wa kuwapikia wachimbaji. Aliomba wiki ile ile Limi aliporudishwa kutoka shule. Ansgar alikuwa amechoka kumtazama binti yake amekaa tu ukutani, akasema ndiyo. Tangu siku hiyo alikuwa anakimbizana na neno lake mwenyewe, akitumaini kopo litamrudisha binti shule kabla kaka yake hajafika.

Alipasha pasi ya kulehemea kwenye mkaa, akarudia maungio yote. Akabadilisha transista iliyoungua, akabadilisha na waya. Akaunganisha, betri zikaanza tena kupata moto. Akavuta waya.

Kisha akachukua kibalbu cha tochi, akaanza kufuata njia ya umeme polepole, bodi moja baada ya nyingine. Kwenye ile ndogo, bati la chini lilishikana na upande hasi wa betri. Kwenye ile kuukuu, bati lilishikana na upande chanya. Watengenezaji wa zamani walipenda hivyo, wa sasa wanapenda vile. Naye alikuwa amezikaza zote mbili kwa skrubu kwenye kopo moja la chuma. Chanya na hasi zilikuwa zinakutana kwenye kopo lenyewe, na betri zikijimaliza bila kupeleka kitu popote.

"Mjinga mimi," alijiambia.

Alikata kipande cha tyubu ya baiskeli, akakitandika chini ya bodi kuukuu na kuzungushia skrubu zake, isiguse chuma. Katikati ya bodi mbili akalehemu kapasita, ipitishe sauti na kuuzuia umeme wa betri. Lakini betri zenyewe zilikuwa zimekwisha, na mwaka ule baada ya vita hata dukani kwa Harish betri zilikuwa hadithi tu. Ansgar akaingia ndani, akafungua mgongo wa redio ya nyumbani. Epifania alimtazama akizitoa betri.

Asubuhi walimvalisha Limi kile kidude, waya ukapita chini ya kitambaa chake cha kichwa. Ansgar akawasha. Epifania alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na Limi akageuka.

"Maharage yana sauti!" alisema, akajiziba mdomo kwa mshangao. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe. "Mama, hata unavyopumua nasikia."

Epifania akafunika uso kwa khanga, mabega yakamtetemeka.

"Zima sasa, tutunze betri," Ansgar alisema, kwani baiskeli ya Tarsisi ilikuwa inasimama nje.

Walisalimiana nyuma ya kibanda.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Mtoto yuko tayari?"

"Kaka, nimemtengenezea kitu. Anasikia. Nafikiri angerudi shule."

"Kwangu hahitaji masikio, anahitaji mikono. Nimeshawaambia watu mpishi anakuja. Ulinipa neno lako au hukunipa?"

"Nilikupa."

"Basi?"

Ansgar alichimba vumbi kwa kidole cha mguu. Tangu utotoni hakuwahi kumshinda Tarsisi kwa maneno, wala kwa kunyamaza. Alitaka tu mazungumzo yaishe.

"Mchukue," alisema. "Hapa amekuwa mzigo tu."

Aliingia kibandani kumwita. Limi alikuwa amesimama kando ya ukuta wa nyuma, pale udongo ulipomeguka na kuacha mwanya. Kopo alilishika kwa mikono miwili, maikrofoni imeelekea kwenye mwanya. Hakuwa amelizima.

Ansgar akasimama mlangoni. Limi akageuka taratibu, naye kopo akaligeuza, akalisogeza karibu na mdomo wa babaye, kama anavyofanya mtu wa redio anayemhoji mkubwa.

"Sema tena, Baba."

Alisema kwa sauti ya chini, yenye kipimo, sauti ambayo Ansgar hakuwa ameisikia tangu binti yule alipougua. Alifungua mdomo. Maikrofoni ilikuwa karibu mno. Alijua hata kumeza kwake mate kunasikika kule upande wa pili wa waya.

Nje, Tarsisi alipiga kengele ya baiskeli, mara moja, kama mtu mwenye haraka. Limi aligeuza kichwa kuelekea sauti hiyo, kisha akamrudishia babaye macho, akaendelea kungoja.