Glavu ya Eugénie

Kiharusi kilipompata Eugénie, mguu ulipona upesi lakini mkono wa kulia uligoma. Vidole vilijikunja, vikawa havikunjuki. Kwa mshonaji aliyelea watoto wanne katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa mkono huohuo, hiyo ilikuwa nusu ya kifo.

Rosette akaishika cherehani. Hakuwa ndugu wa damu. Walikimbia pamoja kutoka Uvira, Kongo, na Eugénie ndiye aliyemfundisha kukata kitambaa, kutia uzi, hata kumjibu mteja mkorofi.

“Yaya, we pumzika,” Rosette alisema, akimwita dada mkubwa kama wasemavyo kwao. “Mi niko.”

Kisha ikaja glavu. Kliniki moja ya mazoezi ya viungo mjini Lilongwe ilikuwa ikiwaazima wagonjwa roboti ya kuvaa mkononi nyumbani: glavu ya kitambaa kigumu, nyaya nyembamba mgongoni, na mota ndogo juu ya kifundo cha mkono. Ukiiwasha, inakunjua vidole kimoja kimoja, kisha inavikunja tena, taratibu, kama mtu aliyekushika mkono akikuombea. Haivaliki kwa mkono mmoja, kwa hiyo kila asubuhi Rosette alimfunga mikanda.

Wiki ya saba, glavu ikiwa imevuliwa, kidole gumba kilisogea chenyewe. Eugénie akaokota kifungo mezani.

“Rosette, ona! Ona!”

Rosette akaona. Akatabasamu kidogo, akarudi kwenye cherehani.

Siku chache baadaye akasema, “Yaya, glavu imekufa. Nimeipeleka Lilongwe batengeneze.”

Wakangoja miezi miwili. Kila Eugénie alipouliza, jibu lilikuwa lilelile: “Kifaa kinatoka ng’ambo, Yaya. Tuvumilie.” Vidole vikaanza kujikunja tena. Siku moja, bila kumuaga mtu, akaenda Lilongwe mwenyewe.

Cyrille, Mrundi aliyekuwa akisimamia mazoezi pale, alimtazama kwa mshangao.

“Mama Eugénie! Kumbe umebadili nia?”

“Nia gani?”

“Dada yako njo aliirudisha. Alisema inakuumiza, hautaki hata kuiona. Glavu ilikuwa nzima. Sasa iko kwa mzee moja wa Chinsapo, hapa mjini.”

Eugénie aliomba aandikwe zamu ya glavu, akaondoka.

Aliporudi kambini alimkuta Rosette akishona sare za kwaya.

“Nimetoka kwa Cyrille.”

Mguu wa Rosette ukasimama juu ya pedali. Hakukana.

“Ile siku uliokota kifungo, niliogopa, Yaya. Ukipona, utakamata mashine yako. Mi na batoto bangu tutakula nini?”

“Ungeniomba tu, Rosette. Ningekupa nusu ya kazi, na shukrani juu. We ulinifunga mikanda kila asubuhi. Ulikuwa unajua mi naomba nini kwa Mungu.”

Rosette akalia. Eugénie alingoja huruma imjie, kama ilivyomjia miaka yote. Haikuja. Akamwambia akate uzi, aiache nguo alipofikia, aende.

Glavu ilirudi baada ya mzee wa Chinsapo kumaliza zamu yake. Cyrille hakumficha: kilichopotea katika miezi ile huenda kisirudi chote. Vidole vitatu vilikunjuka. Kidole gumba hakikusogea tena.

Sasa jirani yake Gentille ndiye anayefunga mikanda. Ni mwanamke mwema, hana haraka. Lakini kila anaposema, “Tayari, mama,” Eugénie huukagua kila mkanda mwenyewe. Na mazoezi yakiisha, huifungia glavu sandukuni, ufunguo akautia kifuani.