Deki ya Mara Moja

Kipenga cha mwisho kilipolia, ukumbi mzima ulinyamaza kama nyumba iliyopokea simu mbaya. Mchezaji waliyemwita Ngazi alikuwa bado chini. Alilala ubavu chini ya kikapu, mkono mmoja umenyooka kuufuata mpira ambao sasa haukuwa na kazi tena, nao ukaenda ukidundadunda peke yake mpaka ukutani. Ubaoni palisomeka sitini na nane kwa sitini na saba. Sitini na saba ndiyo ilikuwa ya chuo chao.

"Kajikwaa na nini?" mtu mmoja aliuliza kutoka jukwaani, taratibu, kama anayeuliza mgonjwa alikula nini.

"Na kivuli chake," mwenzake akajibu.

Hapo ndipo kelele zilipofumuka.

Mama Deki alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, nyuma ya kikapu, mpini wa dekio umeegemea bega. Hakupiga kelele. Alikuwa anaitazama sakafu. Hatua mbili kutoka kwenye goti la Ngazi, mbao ziling'aa pale zisipopaswa kung'aa: mstari mmoja, upana wake sawasawa na upana wa dekio, na katikati yake alama ndefu ya raba iliyoteleza. Aliujua mstari ule kama mtu anavyoujua mwandiko wake.

Kufuta jasho uwanjani si kazi ya kutumia nguvu, lakini ina masharti yake. Huingii mpaka refa akuite. Ukiingia unapitisha mara mbili: ya kwanza kukusanya, ya pili, kwa upande mkavu wa kitambaa, kukausha. Ukipitisha mara moja ni afadhali usingepitisha kabisa, maana jasho lililokuwa matone unalitandaza likawa utando, na utando hauonekani. Tena hutazami ubao wa matokeo. "Mwenye macho ya juu akakae jukwaani," msimamizi wa ukumbi alipenda kusema. Mwanamke aliyeifanya kazi hiyo kabla yake aliondolewa kwa kifundo kimoja tu cha mguu kilichoteguka, tena siku ya mazoezi.

Miaka kumi na mmoja Mama Deki hakuinua macho. Mechi alizifuata kwa masikio. Alijua nani ana mpira kwa mlio wa raba zake, akajua kikapu kimeingia kabla jukwaa halijajua, kwa ule mchakacho mdogo wa nyavu. Hakuna aliyemhesabu kuwa shabiki, naye hakudai kuhesabiwa.

Leo zilibaki sekunde tisa, pointi moja nyuma. Mchezaji wa wageni alianguka na jasho lake, refa akamwita Mama Deki. Aliingia, akapitisha, akageuza dekio. Kabla mkono haujarudi, jukwaa lote lilianza kuliimba jina la Ngazi, na yeye, mtu mzima mwenye magoti yanayolalamika kila kukicha, akainua macho kuitazama saa. Alitaka tu kujua kama sekunde zinatosha. Refa alimpungia mkono atoke, naye akatoka.

*

Timu ikishinda, watu hukimbilia nje kuimba. Ikishindwa hubaki wameketi kama wafiwa, kila mmoja anangoja mwenzake ainuke kwanza. Mama Deki alipita katikati ya mabenchi na ufagio na gunia lake, akiokota chupa na vipande vya karatasi za rangi zilizokuwa zirushwe wakati wa ushindi. Hakuna aliyepunguza sauti. Watu hawapunguzi sauti kwa ajili ya ufagio.

"Miaka mitatu tunaingojea fainali," alisema mwanafunzi mmoja aliyejipaka rangi za chuo mashavuni. Jasho lilikuwa limeichuruzisha rangi mpaka shingoni. "Miaka mitatu, halafu mtu anateleza kama ndama aliyezaliwa jana."

"Ndama angeinuka."

"Basi, wanangu," alisema mzee wa maktaba, ambaye hakukosa mechi hata moja na alikuja na mto wake wa kukalia. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

"Koleo halikuvunjika, mzee wangu. Huyu kaliuza."

Mzee wa maktaba aliuchukua mto wake, akaukung'uta vumbi lisilokuwepo.

"Usiseme hivyo," alisema.

"Nasema. Kikapu kitupu, hakuna wa kumgusa, na mtu anaanguka peke yake. Wewe umewahi kumwona Ngazi akianguka peke yake?"

Hakuna aliyewahi. Hilo ndilo lililowatia wazimu. Tangu mwaka wa kwanza kijana yule alikuwa akipanda hewani kana kwamba kuna vidato asivyoviona mtu mwingine. Jina lenyewe alilipata hapo.

Mwanafunzi wa rangi aliinua miguu ufagio upite. "Samahani, Mama."

"Asante, mwanangu."

"Hebu tuambie wewe. Ulikuwa karibu kuliko sisi sote. Kateleza, au kajiangusha?"

Nyuso sita au saba zikamgeukia. Hawakuwahi kumgeukia hata siku moja. Chini uwanjani msimamizi alikuwa anazima taa, moja baada ya nyingine, funguo zikimlialia kiunoni. Mama Deki aliusikia mdomo wake ukifunguka.

"Mimi huwa naangalia chini," alisema.

"Ndiyo hivyo," mwanafunzi akawaambia wenzake, kana kwamba amepata alichokitafuta.

Waliposhuka wote, naye alishuka. Akaenda mpaka chini ya kikapu. Ile alama ilikuwa bado ipo, imeanza kukauka pembeni. Akaifuta. Akapitisha mara mbili, polepole, mpaka mbao zikarudi kuwa kama zamani na kusiwe na mtu duniani anayejua ila yeye. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haina mdomo.

*

Binti yake alikuwa mwaka wa pili katika chuo hichohicho. Jioni ile alirudi sauti imemkauka, akavua jezi ya ushabiki, akaitupa juu ya kiti kama kitu kilichomuuma.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Chakula kipo."

"Sina njaa." Alikaa, akainuka, akaenda kusimama karibu na mama yake aliyekuwa anaosha vyombo. "Mama, hivi ile ngazi mbovu ya pale ukumbini iko wapi siku hizi? Ile iliyokatika vidato."

"Nyuma ya tangi la maji," Mama Deki alijibu. Ndivyo alivyozoea, akiulizwa kitu cha ukumbini kilipo, hujibu. Sahani mbili baadaye akauliza, "Ya nini?"

"Tunaisimamisha mlangoni kesho asubuhi. Na karatasi juu yake." Binti alichora maneno hewani kwa kidole. "'Ngazi hii hushusha tu.' Nimeitunga mimi."

Alicheka peke yake. Kicheko hakikufika mbali. Aligeuza uso ukutani, akajifuta machozi kwa kiganja.

"Nilikuwa nawaambia watu wote, Mama. Wote. Nawaambia mwaka huu ni wetu, tuna Ngazi. Wenzangu wa darasani wananicheka mimi sasa."

"Ni mtoto wa mtu yule."

"Na sisi ni watoto wa nani?"

"Msiiweke hiyo ngazi."

"Kwa nini?"

Maji yalikuwa yamepoa kwenye beseni. Mama Deki aliisugua sahani ambayo alikwisha kuisugua. Kulisema lile jambo kulihitaji maneno manne tu, matano. Lakini yangeanzia hapa jikoni na kuishia ofisini kwa msimamizi. Ilikuwa imebaki miaka miwili astaafu.

"Nakwambia tu," alisema.

"Unamtetea kwa sababu anakuamkia." Binti hakusema kwa ubaya. "Wachezaji kumi na wawili, na anayeinama kukuamkia ni mmoja. Naelewa, Mama. Lakini shikamoo haifungi kikapu."

*

Asubuhi ngazi ilikuwa mlangoni. Wameiegemeza kwenye kizingiti cha juu, vidato vitatu vimening'inia, na karatasi imebandikwa kwa gundi nyingi. Wanafunzi kama arobaini walikuwa pale, wanapiga picha, wengine wanajilaza chini ya ngazi mkono mmoja umenyooka, wakiigiza. Mama Deki alipita pembeni yao na ndoo yake. Walimpisha kwa adabu. Binti yake alikuwepo mbele, akajifanya anasoma kitu kwenye simu.

Ndani aliwasha taa, akaanza kudeki kama siku yoyote. Alikuwa amefika katikati ya uwanja kelele za nje zilipokatika ghafla, kama redio iliyozimwa.

"Pita chini yake, utatosha?" sauti moja iliuliza. Wachache wakacheka.

Ngazi aliinama, akapita. Alikuwa amevaa shati la kawaida, akaonekana mfupi. Mkononi alishika jezi iliyofuliwa na kukunjwa vizuri, namba kumi na nne ikiwa juu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

"Kocha amefika?"

"Bado."

"Basi naiacha hapa. Utamwambia ni yangu." Aliiweka kwenye benchi la wachezaji, akainyoosha pembe. Hakuondoka. "Ile video nimeitazama sijui mara ngapi. Naisimamisha, nairudisha. Hakuna aliyenigusa, Mama. Wanasema nimenunuliwa. Hilo haliniumi sana, maana najua sikununuliwa. Lakini mguu wenyewe uliondoka tu. Uliondoka bila mimi." Aliutazama mguu wake wa kulia kama mtu anavyomtazama mbwa wake aliyemng'ata. "Leo nimeshuka ngazi za bweni nimeshikilia ukuta. Nauogopa."

Mama Deki alitua ndoo.

Alifikiri angetafuta maneno, lakini mikono ilitangulia. Aliingiza vidole katika maji, akayanyunyiza matone machache juu ya mbao, si mengi, kiasi cha jasho la mtu mmoja. Akapitisha dekio. Akaliinua.

"Njoo ukanyage hapa."

"Mama, mimi—"

"Kanyaga, mwanangu. Pole pole. Nishike bega."

Alikanyaga. Raba iliondoka chini yake kama iliyovutwa kwa kamba, na mkono wake mkubwa ukakaza begani kwa mama yule mpaka mfupa ukauma.

"Jana nilipitisha mara moja," Mama Deki alisema. "Inatakiwa mara mbili. Niliinua macho kuangalia saa. Nilitaka tushinde, nikaangalia saa. Mguu wako hauna kosa."

Ngazi alimtazama. Kisha akaitazama sakafu.

"Umesema nini?" sauti iliuliza nyuma yao.

Msimamizi alikuwa ameingia kwa mlango wa ofisi, chai mkononi. Nyuma yake, mlangoni pa mbele, vichwa vilikuwa vimejaa kati ya vidato vya ngazi mbovu. Mama Deki aliwaona wote, na binti yake mbele yao. Akarudia, sasa kwa sauti ya kufika mlangoni, tangu refa alipomwita mpaka alipotoka. Alikuwa hajawahi kusema maneno mengi hivyo ndani ya ukumbi ule. Mwangwi ulimrudishia mengine, ikawa kana kwamba kuna mwanamke mwingine juu jukwaani anayekiri pamoja naye.

"Unajua unachokisema?" msimamizi aliuliza. Hakuwa na hasira. Alionekana mchovu, kama mtu aliyeletewa kazi asubuhi kabla hajanywa chai. "Hili sina budi kuliandika, Mama."

"Najua. Andika."

Yule mwanafunzi wa jana alijipenyeza mbele. Rangi alikuwa ameiosha, lakini ilibaki kidogo nyuma ya sikio.

"Jana nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Ukasema wewe huwa unaangalia chini."

"Nilikudanganya."

Mama Deki alingoja wamzomee. Ndilo alilolijua kuhusu mashabiki: wakimwacha mmoja lazima wamshushe mwingine mahali pake. Lakini hakuna aliyezomea. Mmoja aliirudisha simu mfukoni. Mwingine alianza kuibandua karatasi kwa ukucha, na gundi ilivyokuwa nyingi ikawa inatoka vipande vipande: kwanza "tu", kisha nusu ya "hushusha". Msimamizi aliingia ofisini, akaacha mlango wazi, na kalamu ikasikika inatafutwa kwenye droo.

Ngazi alikuwa ameliachia bega. Alirudi hatua tatu, akautafuta ule mstari kwa macho, asiuone. Akautafuta kwa mguu. Raba ikateleza, akayumba, akasimama. Akarudi tena. Akateleza. Kila mara alikwenda kwa kasi kidogo zaidi, mikono ameitanua, na kila raba ilipoponyoka alitoa pumzi fupi puani, isiyokuwa kicheko wala kilio. Jezi ilikuwa pale benchini. Hakuitazama.

Mama Deki alikuwa ameketi juu ya ndoo nyingine, tupu, aliyoipindua, mikono mapajani, kwa mara ya kwanza mbele ya watu. Magoti yalimuuma. Mlangoni, binti yake alikuwa amepita chini ya ngazi akafika ukingoni mwa sakafu, pale deki ya asubuhi ilipokuwa bado mbichi, na hakuikanyaga. Alipiga goti hapohapo, akaanza kufungua kamba za viatu vyake ili aende peku mpaka kwa mama yake.