Njia ya Nne

Siku ya Alhamisi, saa nane mchana, Illuminée alinawa mikono kwa majivu na limau ili harufu ya sambaza, wale dagaa wa ziwani, isimfuate kazini, akajifunga kitenge chake cha kanisani, akashuka hadi nyuma ya duka la fotokopi. Studio ilikuwa chumba kimoja. Ukutani walikuwa wamebandika trei za mayai, dirishani wamesimamisha godoro, na mezani kulikuwa na mashine ya kaseti ambayo Sebagabo, mwenye studio, aliileta kutoka Bukavu akiwa ameifunga ndani ya blanketi kama mtoto mgonjwa. Umeme ungekuwepo mpaka saa kumi na moja. Baada ya hapo hakuna aliyejua.

Bendi ilikuwa na watu wanne. Jean-Luc, mume wake, alipiga gitaa na ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Abdu alipiga ngoma, Juvénal besi. Muziki wao ulikuwa roki, ambayo Jean-Luc aliizoea Goma alikozaliwa, na ambayo mtaani kwao Gisenyi iliitwa makelele ya Jean-Luc. Illuminée ndiye aliyeimba. Hii ilikuwa kaseti yao ya kwanza, mwaka wa tisini na tisa, na wimbo wenyewe ulitoka kwake yeye.

Aliutoa ziwani. Mitumbwi ya sambaza huenda mitatu mitatu, imefungwa pamoja kwa miti mirefu, na katika kundi la marehemu baba yake kila mtumbwi ulikuwa na kazi yake ndani ya wimbo. Wa kwanza huita. Wa pili huitikia. Wa tatu hutaja majina ya wapiga kasia, mmoja baada ya mwingine, ili kila mtu asikie kwamba wote bado wamo. Illuminée aliyasikia hayo tangu utotoni, akiwa amesimama ufukweni na beseni lake akisubiri samaki. Jean-Luc aliongeza gitaa.

Vyombo vilikuwa vimeshapigwa na kuwekwa kwenye njia ya kwanza. Mashine ya Sebagabo ilikuwa na njia nne, na kila njia ilibeba sauti yake peke yake bila kugusana na jirani. Illuminée akavaa kaske, spika ndogo za masikioni, akaimba kwenye njia ya pili. Mahali pa majina hakutaja jina. Alipaziba kwa kuguna tu, kama alivyozoea. Sebagabo akarudisha kaseti nyuma, wakasikiliza. Sauti ilikuwepo, lakini ilikuwa kama ya mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara wakati lori linapita.

"Sauti iko muzuri," Sebagabo akasema. "Lakini iko moja. Gitaa ya bwana yako iko sawa na batu kumi. Imba tena juu yake, njia ya tatu."

"Wimbo ule ule?"

"Ule ule. Inanenepesha."

Akaimba tena. Alipovua kaske, kushoto kwake alikuwa amesimama mwanamke mwingine, mwenye kitenge kile kile na kovu lile lile la kisu kwenye kidole gumba, naye akivua kaske. Juvénal alisogeza kiti apate pa kusimama. Sebagabo akachukua kipande cha plasta, akaandika juu yake "sauti ya pili", akakibandika mezani.

"Huyu anaitikia vizuri," akasema. "Bon, tuongeze moja."

Kwenye njia ya nne mambo yakaenda tofauti kidogo. Illuminée alifungua mdomo kuguna, lakini kilichotoka ni majina. Niyonshuti. Karenzi. Janvier. La mwisho likatoka refu, limevutwa kama wapiga kasia wanavyovuta, mpaka mshale wa mashine unaopima sauti ukaingia kwenye nyekundu: Mbarushimana. Alipovua kaske, mwanamke wa tatu alikuwa kulia kwake, amesimama wima kabisa, na shingo yake bado ilikuwa inapanda na kushuka.

Mbarushimana alikuwa kaka yake Illuminée. Mwaka uliotangulia alitoka nyumbani asubuhi kwenda Mahoko kutafuta nyuzi za kushonea wavu. Mahoko hakufika na nyumbani hakurudi. Jina lake halikukatazwa na mtu. Liliachwa tu, kama watu wanavyoacha kupita njia fulani bila kuambiana.

Wakasikiliza kaseti kutoka mwanzo. Sauti moja iliita, ya pili ikaitikia, ya tatu ikahesabu watu, na gitaa la Jean-Luc likakaa katikati yao kama mtu aliyepata majirani.

"Sasa ndio wimbo," Abdu akasema, akimtazama Jean-Luc kwa jicho la chini. "Ila sha, mambo yako. Mi Mwislamu niko na bibi moja. We Mukatolika uko na batatu, na padri anakusalimia."

Juvénal akacheka. Jean-Luc alikuwa anautazama mshale.

Asubuhi yake wanawake wote watatu walikwenda kujiandikisha kwa Mukamusoni, nyumbakumi wao, kwa sababu mgeni aliyelala bila kuandikwa alileta matatizo. Mukamusoni alikuwa anapepeta maharage. Alifuta mikono, akafungua daftari.

"Jina?"

"Illuminée."

"Na huyu?"

"Illuminée."

Aliandika, na alipofika kwa wa tatu hakuuliza, akachora vialama vya kurudia chini ya jina. "Banatoka wapi?"

"Studio."

"Banakaa siku ngapi?"

"Mpaka kaseti itoke, mama."

Akaomba vitambulisho. Wakamtolea kimoja. Picha ilifanana nao wote. Mukamusoni aliigeuza huku na huku, akairudisha. "Kama moja anasafiri, bale wengine babaki nyumbani," akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Nyumbani, Nyiransabimana, mama yake Jean-Luc, alihesabu sahani, akaona mbili zimepungua, akatuma kuazima kwa jirani. Tangu siku hiyo Illuminée mmoja alishuka ziwani kabla jua halijatoka kupokea sambaza, akazianika, akazipeleka sokoni. Wa pili alichota maji, akamwandaa mtoto wao mkubwa, Teta, kwenda shule, akapika, akafua. Wa tatu alipanda mlima hadi shamba la Busasamana kulima viazi, akarudi na kuni kichwani, akamwogesha mtoto mdogo. Jioni wote watatu walikuwa wamechoka sawasawa. Illuminée alilifikiria jambo hilo siku mbili, maana alikuwa mtu wa kutazama kabla ya kusema. Hakuna kazi mpya iliyokuwa imeingia nyumbani humo. Zilikuwa zile zile za siku zote.

"Sasa ndio mi naona nyumba iko na bibi," Nyiransabimana akasema, na akamaanisha kusifu.

Usiku hawakuongea sana. Mara moja tu Illuminée alimuuliza wa tatu, wakichambua mchele, kwa nini aliimba lile jina.

"Mtumbwi wa tatu unafanya kazi gani?" wa tatu akajibu.

"Kutaja watu."

"Basi."

Jumatano iliyofuata, Jean-Luc alikaa mlangoni akibadilisha nyuzi za gitaa. Akaita, "Mama Teta." Wote watatu wakageuka. Alitazama nyuzi zake badala ya kutafuta ni yupi.

"Roki bila solo ya gitaa, donc, ni kama harusi bila bwana harusi. Nahitaji njia moja."

"Njia zimejaa, Papa Teta," akasema Illuminée.

"Ile ya ine. Ya majina."

Wa tatu alikuwa anapepeta sambaza kavu. Hakuinua kichwa.

"Pale iko kaka yangu," Illuminée akasema.

"Najua. Ni juu yake nasema." Jean-Luc aliongea taratibu, na hakuwa na ubaya usoni. "Kaseti itapita redioni. Mutu atasikia. Atakuja hapa akuulize, huyu Mbarushimana ni nani, alienda wapi? Utamujibu nini?"

Mwaka mzima Illuminée alikuwa anamsubiri mtu huyo. Alikuwa amemsubiri kwenye foleni ya maji, kanisani, ufukweni, kwa Mukamusoni mwenye daftari la watu. Shati ambalo kaka yake alivaa asubuhi ile alilikumbuka mpaka kifungo kilichokosekana.

"Nitamwambia rangi ya shati," akasema.

"Unaona sasa?" akasema Jean-Luc, kama vile alikuwa amemkubalia. "Mi nachukua sekunde makumi ine tu. Zingine zote anabaki nazo. Simutoe mutu, nachukua nafasi kidogo."

Alhamisi, studio, Illuminée hakuvua viatu kama kawaida. Alikwenda moja kwa moja mezani kwa Sebagabo.

"Futa yangu," akasema. "Njia ya pili. Solo ikae pale."

Jean-Luc akainua macho. "Na we utaenda wapi?"

"Huko unakotaka kumpeleka huyu."

"Na nani atapika?" akauliza Jean-Luc, kisha akawaona wale wawili, akaona swali lake limejijibu.

Sebagabo alikuna kidevu. Alimhurumia kweli. Kama angekuwa na mashine ya njia nane angempa tano. "Mama Teta, ya pili ndio inaita. Nikitoa mwenye kuita, hawa wengine bataitikia nani? Wimbo unakufa wote, na majina yanakufa ndani yake."

Illuminée alitafuta kosa katika maneno hayo, hakuliona. Alirudi akasimama na wenzake. Wa tatu alikuwa ameegemea trei za mayai, mikono tumboni. Alimnyooshea kitenge begani kilipokuwa kimepinda, kama mtu anavyomtengeneza ndugu yake kabla hajaingia ofisini, na Illuminée akasimama atengenezwe.

Sebagabo akaichagua njia ya nne, akabonyeza kitufe chekundu. Jean-Luc akafunga macho, akapiga. Ilikuwa solo nzuri. Illuminée alikuwa na masikio, hakuweza kusema uongo kwamba ni mbaya. Ilipanda polepole, ikageuka juu, ikalia, na wakati wote huo mahali pa mwanamke wa tatu palionekana trei za mayai peke yake, hata ile iliyochanika. Abdu alitazama vijiti vyake. Kidole cha Sebagabo kilichoka kidogo kabla ya wakati, kikaachia kitufe, na wa tatu akawa amesimama pale pale, mdomo wazi, na mwisho wa jina ukitoka:

"...shimana."

Kisha akafunga mdomo.

"Nirudie?" Sebagabo akauliza. "Imebaki kipande."

Taa ikazimika. Ilikuwa saa kumi na moja kamili.

"Acha," Jean-Luc akasema gizani. "Inapendeza. Inafanya kama pambo."

Kaseti ilitoka mwezi wa kumi. Juu yake palikuwa na picha ya Jean-Luc na gitaa, ziwa likiwa nyuma yake. Ndani, kwa herufi ndogo, waliandika: gitaa Jean-Luc, ngoma Abdu, besi Juvénal, sauti za akina mama, wimbo wa asili. Illuminée alisoma polepole, kidole chini ya maneno, akafika mwisho, akarudia, akaikunja karatasi ile kama ilivyokuwa.

Watu waliipenda. Ilianza kupigwa kwenye kibanda cha kinyozi, halafu baa za ufukweni, halafu kwa wauza betri wa mpakani, karibu na Grande Barrière. Popote ilipopigwa mjini, solo ilipoanza, mwanamke wa tatu aliondoka kwa sekunde arobaini, kisha akarudi na kile kipande cha jina, akaendelea na alichokuwa anafanya. Mwezi wa kwanza ilikuwa mara tatu kwa siku. Ilipofika Noeli waliacha kuhesabu. Nyumbani wakajirekebisha. Hawakumpa tena mtoto amwogeshe, wala kisu, wala sufuria ya moto. Shamba la Busasamana likahamia kwa wa pili, na maji yakahamia kwa Illuminée.

"Huyu wa kutokatoka ananichosha," Nyiransabimana alilalamika. "Unamutuma chumvi, unaona chumvi inabaki chini."

Mukamusoni naye aliliona tatizo upande wa daftari. Hakuweza kuandika kwamba mgeni yupo, wala kwamba ameondoka. Mwishowe alifuta mstari ule wa kalamu ya wino, akauandika upya kwa penseli.

Kabla ya Pasaka, siku ya soko, Illuminée na wa tatu walikuwa wamekaa na kikapu cha sambaza kati yao. Kaseti ilipigwa upande wa wauza nguo. Wa tatu akatua kikombe cha kupimia chini, kwa uzoefu, na akawa hayupo. Mteja aliyesimama mbele yake akakunja mikono akangoja, kama watu wanavyongoja jeneza lipite.

Karibu yao watoto wa kike walikuwa wanaruka kamba. Walikuwa wameuchukua ule wimbo. Wanaozungusha kamba walipiga solo yote kwa midomo, nyii-nyaaa, bila kukosea hata mahali pamoja, na ilipofika mwisho wote wakapiga kelele, "Shimana!", na aliyekuwa katikati akaruka nje. Wa tatu akarudi, akasema neno lile lile pamoja nao, akashika kikombe chake, akampimia mteja.

Msichana mmoja aliyevaa sare ya shule alisimama. Aliwatazama wale wanawake wawili, sura moja, akamtazama wa tatu mdomoni, akafikiri. Kisha akaachia ncha ya kamba na kuja mpaka mbele ya Illuminée. Illuminée alikaa vizuri. Alifuta mikono kwenye kitenge. Alianza na shati, ambalo lilikuwa la bluu, lililofifia mabegani, akalipanga lote mdomoni tayari.

"Mama," msichana akasema kwa heshima.

"Sema, mwanangu."

"Kikapu yako inaziba kamba yetu."

Wakakishika, mmoja huku na mmoja huku, wakakisogeza.