Kipimo Kinachomsubiri Mgeni Rasmi

Siku ya upasuaji wa Naisiae, kipimo kipya cha presha ya ubongo kilikuwa kwenye kona ya chumba cha upasuaji, kimefungwa utepe mwekundu. Hakitumii sindano wala hakitoboi fuvu. Unakipitisha juu ya kope zilizofumbwa, nacho kinakuonyesha kama neva ya nyuma ya jicho imevimba. Lakini mgeni rasmi alikuwa hajaja kukizindua, na Dokta Romanus, mkuu wa hospitali, alikataza kisiguswe.

Naisiae alikuwa anapasuliwa kwa matundu madogo. Kwa kazi hiyo tumbo hujazwa gesi na kitanda huinamishwa kichwa chini. Hedwiga, daktari wa usingizi, alijua kuwa kichwa kikizidiwa na presha mgonjwa anaweza kupofuka, au asiamke kabisa. Aliomba utepe ukatwe.

"Tukiukata sisi, mgeni atakata nini?" aliuliza Dokta Romanus.

Nje kwenye benchi, Namelok, mama yake Naisiae, alikuwa amepakata kibuyu cha maziwa aliyoyakamua asubuhi kijijini kwao Olmotonyi. Upasuaji ulipopamba moto maziwa yalipanda, yakasukuma kifuniko, yakamwagikia shuka lake. Akabisha hodi.

"Shikamoo, mama," alisema Hedwiga.

"Marahaba. Kichwa cha mwanangu kimejaa. Kiinueni."

Kitanda kikainuliwa upande wa kichwa, maziwa yakashuka. Namelok akavalishwa kofia na barakoa, akakaa ndani na kibuyu chake mpaka mwisho. Naisiae aliamka salama, akaomba uji.

Dokta Romanus alifurahi sana. Akaagiza kila mgonjwa aje na mama yake. Wakaja akina mama wa Kimandolu na chupa za chai ya maziwa, nayo ikapanda na kushuka vilevile. Mgeni rasmi akaahirisha tena. Utepe uliposhika vumbi, ukafungwa mwingine. Inatia hasira, maana chumba kile kina mikasi ya kila aina.

Kisha akaja Elinami, fundi cherehani wa Moshono. Mama yake alishafariki, hivyo akasindikizwa na shangazi. Chai ya shangazi ilitulia tuli kwenye chupa muda wote. Hedwiga aliomba tena kipimo, akaambiwa mgeni anakuja Ijumaa.

Elinami alizinduka mchana, jua limejaa wodini. Akaomba awashiwe taa. Shangazi yake akainuka, akaiwasha.